Nimpongeze?

Jumapili ile nilikuwa kibarazani na rundo la skripti za kidato cha sita, kalamu nyekundu mkononi, chai imeshapoa mpaka imefanya utando juu. Swali la mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, toa sababu sita. Nilikuwa nimefika skripti ya kumi na nane, na zote kumi na nane zinaanza na udhaifu wa mfalme Nicholas wa Pili, inafuata Vita Kuu ya Kwanza, halafu uhaba wa mkate, halafu uongozi wa Lenin, mpaka mfano uliotolewa ni uleule, Jumapili ya Damu ya 1905. Mpangilio uleule, maneno yaleyale. Sikushangaa, maana zile ni notisi zangu.

Simu ikalia. Voisi ya dakika nne na ushee.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikasema kwa Kiswahili, halafu ikahamia Kirusi. Huyu bibi huwa anaanza na marahaba kabla hata sijamwamkia. Nilimfundisha mwaka 2006 na hajawahi kuelewa kwamba inabidi kwanza asubiri shikamoo. Au anaelewa vizuri tu na anajifanya, simjui vizuri kiasi hicho.

Alikuwa na habari moja. Mjukuu wake yuko darasa la 11, ndo la mwisho kule Urusi, na amepata tano kwenye historia. Tano ya Kirusi ni juu kabisa, hakuna sita. Swali lilikuwa kuhusu chanzo cha kinachoendelea Ukraine, jambo ambalo kule unatakiwa uliite "operesheni maalumu ya kijeshi" na neno vita ulimeze. Kijana ameandika kama kitabu kinavyosema, nukta kwa nukta. Jioni bibi akamuuliza, hivi wewe unaamini ulichoandika? Kijana akajibu: "Bibi, hilo swali halikuwepo kwenye pepa."

Akanyamaza kidogo kwenye ile voisi, nasikia sufuria inachemka nyuma.

"Sasa na wewe siku hizi ni mwalimu wa historia. Niambie. Nimpongeze?"

Imepita miezi kadhaa. Maksi za skripti zile zimeshatoka, wanafunzi wameshazisahau, mimi bado niko palepale kwenye lile swali.

Mwalimu

Jina lake sitalitaja, na nimebadilisha mambo mawili matatu ya familia yake asije akapata usumbufu. Nitamwita Mwalimu. Warusi mwalimu wanamwita kwa jina lake pamoja na la baba yake, kama ungemwita mtu Asha binti Salim kila unapotaka kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na sisi tuliotoka Afrika tulikuwa tunaumia ulimi miezi mitatu ya mwanzo.

Alinifundisha Kirusi podfak, ule mwaka wa maandalizi kabla hujaingia chuo, mji wa Voronezh. Miaka ile wanafunzi wa kigeni jioni tulikuwa tunatembea kwa makundi kwa sababu tulizozijua wenyewe, na yeye alikuwa anatusindikiza mpaka kituo cha basi akiwa na mkoba wake wa viazi, kimama kifupi, kama ndo angetuokoa. Baada ya podfak wenzangu wakaenda kusomea udaktari na uinjinia, mimi nikaingia kitivo cha historia. Nyumbani walicheka mno. Mjomba wangu alinipigia simu mahsusi kuniuliza kama Tanzania historia imeisha mpaka nikaifuate kwenye theluji.

Kilichonivuta ni yeye. Kabla ya kufundisha wageni lugha, alikuwa mwalimu wa historia sekondari, miaka kama kumi na mbili hivi. Aliacha. Kwa nini aliacha alikuwa hasemi, na ukimuuliza anakukatia keki.

Ushindi na msitu

Voronezh wana siku yao, 25 Januari. Mwaka 1943 ndo siku Wajerumani walitolewa mjini baada ya kuukalia upande wa kulia wa mto tangu Julai 1942, na mji ulikuwa umebaki vifusi. Wanafunzi wanapelekwa kuweka maua, wazee wenye medali wanapewa viti. Nilikwenda mwaka wangu wa kwanza, baridi inakata masikio, nikaguswa sana. Nasema kabisa niliguswa, maana kuna watu wanadhani ukiwa na mashaka na vitabu vya Warusi basi unadharau waliyopitia.

Halafu mwaka wa pili, 30 Oktoba, Mwalimu akanipeleka Dubovka.

Ni msitu nje ya mji, misonobari mirefu, mchanga. Ndani yake kuna makaburi ya watu waliopigwa risasi na dola lao wenyewe miaka ya Ugaidi Mkuu wa Stalin, 1937 na 1938. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 mifupa imekuwa ikifukuliwa na kuzikwa upya kistaarabu, na hiyo tarehe 30 Oktoba ndo siku ya kuwakumbuka wahanga, iliwekwa rasmi mwaka 1991. Nchi nzima, kwa hesabu za dola lenyewe, ndani ya ile miaka miwili walihukumiwa na kupigwa risasi watu karibu 682,000. Hapo hujahesabu waliokufia kambini.

Hakukuwa na watoto wa shule wengi siku ile. Mwalimu alisimama mbele ya shimo moja lililofunikwa, akatoa peremende mfukoni akaiweka juu ya jiwe. Babu yake alichukuliwa Voronezh mwaka 1937 na hakurudi. Hajui kama yuko pale. "Nadhani," alisema, "kwahiyo naweka."

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba yote mawili yalitoka mfuko mmoja, dola lililoupigania ule mji ndo lilelile lililochimba yale mashimo, miaka mitano tu katikati. Kwenye kitabu cha shule zinatosha kurasa tatu. Ila nani anaweza kuzifundisha zote siku moja kwa mtoto wa miaka 16 na bado mtoto akasimama kwenye gwaride bila kuinamisha kichwa? Mimi sikuwahi kuona anayeweza. Wengi wanachagua ukurasa.

Mwaka bila mtihani

Keki iliisha siku moja, akanieleza.

Mwaka 1988, enzi za Gorbachev, mitihani ya mwisho wa mwaka ikiwa imekaribia, Umoja wa Kisovieti ulifuta mtihani wa historia mashuleni. Nchi nzima. Sio kwamba uliahirishwa au ulivuja. Ulifutwa kwa sababu kilichomo vitabuni kilikuwa hakifai kuulizwa, na gazeti la serikali lenyewe, Izvestia, likaandika kwamba kizazi baada ya kizazi wamelishwa uongo. Hebu fikiria Baraza la Mitihani likitangaza hivyo mwezi wa nne.

Mimi nilivyosikia nilifurahi, nikasema Mwalimu, mbona hiyo ni habari nzuri, mlikombolewa! Akaniangalia kama nimemkanyaga mguu.

"Nililia siku mbili," akasema. "Kwa hasira."

Alikuwa amefundisha kile kitabu miaka yote ile. Amewapa watoto mbili, ambayo ni kufeli, kwa kukosea tarehe za mikutano ya chama. Kuna msichana alimfelisha kwa kuandika kwamba bibi yake amesema mambo ya mwaka 1937 hayakuwa vile, akamwandikia kwa wino mwekundu "chanzo si cha kuaminika". Huku yeye mwenyewe ana babu aliyepotea. Na sasa asubuhi moja gazeti linamwambia kila kitu kilikuwa uongo, wanaosema hivyo ni walewale waliomletea kitabu, na hakuna hata mmoja aliyekuja shuleni kumwambia samahani, wala yeye hajui amtafute wapi yule msichana.

Mwaka uliofuata akaacha historia. Alisema vitenzi vya Kirusi havijawahi kubadilishwa na kikao.

Hapa ndipo nilipokwama wiki nyingi, maana nilikuwa nimemweka Mwalimu kwenye kundi la mashujaa, yule bibi mwenye peremende msituni. Kumbe alikuwa pia yule mwenye wino mwekundu.

Nchi ambayo jana yake haitabiriki

Warusi wana utani wa enzi hizo, kwamba kwao kesho inajulikana, jana ndo haitabiriki. Tukiucheka tunasahau kwamba kulikuwa na watu kazi yao ni kuibadilisha hiyo jana kwa mikono.

Kwenye miaka ya 1930 wanafunzi walikuwa wanaambiwa wafungue kitabu, wachukue kalamu, wapake wino uso wa jenerali fulani, maana tangu jana ni adui wa umma. Beria, mkuu wa polisi wa siri wa Stalin, alipokamatwa mwaka 1953, waliokuwa na Ensaiklopidia Kubwa ya Kisovieti walitumiwa kurasa mpya kwa posta, pamoja na maelekezo ya kukata zile za Beria kwa mkasi au wembe, na mahali pake wabandike makala ndefu ya bahari ya Bering. Kuna watu walikaa jikoni kwao wakakata.

Na kuna namba. Mwaka 1946 Stalin alisema waliokufa vita ya pili ni kama milioni 7. Mwaka 1961 Khrushchev akasema zaidi ya milioni 20. Mwaka 1990 Gorbachev akasema karibu milioni 27. Yaani kati ya kiongozi na kiongozi walikuwa wanaongezeka maiti kwa mamilioni, watu waliokuwa wameshakufa zamani ila hawakuwa wameruhusiwa kuhesabiwa. Mwanafunzi wa 1950 aliyejibu 7 alipata. Mwanafunzi wa 1970 akijibu hivyo anafeli.

Sisi vita ya Majimaji nayo ina namba zinazotembea, kuanzia elfu 75 mpaka laki tatu kutegemea nani ameshika kalamu, na mimi darasani nasema ile kubwa kwa sauti ya juu. Sijawahi kuwaambia wanangu ile hesabu inapatikanaje. Hawajawahi kuniuliza, na nikiri tu kwamba nashukuru.

Hata jina la Mwafrika kwenye geti. Chuo kikuu cha urafiki cha Moscow kilifunguliwa 1960, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961 alipouawa, likaondolewa 1992 baada ya Sovieti kuanguka, likarudishwa 2023 Afrika ilipoanza kuhitajika tena. Lumumba mwenyewe muda wote huo yuko vilevile, hajabadilika kitu.

Wale 28

Hii stori nimeifundisha, naomba nianze na hilo.

Novemba 16, 1941, Wajerumani wako mlangoni Moscow. Kwenye kituo kidogo cha reli, Dubosekovo, askari 28 wa divisheni ya Jenerali Panfilov, wengi waliotoka Kazakhstan na Kyrgyzstan, wanazuia vifaru kama 50. Kamisaa wao, yaani ofisa wa siasa jeshini, anasema Urusi ni kubwa lakini pa kurudi hakuna, nyuma yetu ni Moscow. Wanakufa wote, vifaru havipiti. Kila mtoto wa Kisovieti aliijua kama sisi tunavyomjua Kinjeketile. Nilivyoisikia mara ya kwanza nywele zilinisimama, nikarudi nayo nyumbani, na kidato cha sita wakiwa wanasinzia saa nane mchana ndo ninayoitoa. Huwa hawasinzii tena.

Shida ni kwamba imetungwa na mwandishi wa gazeti la jeshi.

Hilo lilijulikana tangu 1948. Waendesha mashtaka wa kijeshi walianza uchunguzi baada ya kumkamata mmoja wa "marehemu" akiwa hai, tena amewahi kufanya kazi ya polisi kwa Wajerumani. Mwandishi akahojiwa, akakiri maneno ya kamisaa aliyabuni yeye. Ripoti ikaandikwa, ikafungiwa kabatini, na stori ikaendelea vitabuni kama kawaida. Mwaka 2015 mkurugenzi wa Hifadhi Kuu ya Nyaraka za Serikali, Sergei Mironenko, akaiweka ile ripoti hadharani. Waziri wa utamaduni wa wakati ule, Vladimir Medinsky, alikasirika, na baadaye akasema hata kama stori yote ingekuwa ya kubuni mwanzo mwisho, ni hekaya takatifu, haiguswi. Mwaka 2016 Mironenko hakuwa tena mkurugenzi.

Nilipolijua hili kwa undani niko mwaka mmoja wa kufundisha. Nikajiambia Medinsky ana hoja kidogo. Kweli nilijiambia hivyo! Taifa lililopoteza watu wote wale linahitaji kitu cha kushikilia, sasa unawanyang'anya cha nini, kwani kinamuumiza nani.

Kilichonigeuza ni sentensi moja ndani ya ileile ripoti. Kamanda wa rejimenti iliyokuwa pale, alipohojiwa, alisema siku ile pale Dubosekovo ilipigana kampani nzima, ikapigana kishujaa kweli, na waliokufa ni zaidi ya mia moja, sio 28 kama magazeti yalivyoandika.

Zaidi ya mia moja.

Nilisoma mara tatu. Mimi nilidhani uongo umeongeza ushujaa, kumbe umepunguza. Mwandishi alihitaji idadi inayokaa vizuri kwenye kichwa cha habari, akachukua 28, na wale sabini na kitu waliobaki, vijana wa Kikazakh na Kikirgizi na Kirusi waliokufa kwenye theluji ileile saa zilezile, hawakupata shule yenye jina lao wala mtaa. Hekaya takatifu imekaa juu yao. Ukiigusa unaitwa msaliti wa mashujaa, na usipoigusa wao wanaendelea kutokuwepo.

Hiyo ndo siku niliyoacha kumkubali Medinsky. Stori ya 28 lakini sikuiacha. Naendelea kuitoa saa nane mchana, na sehemu ya pili huwa naikuta kengele imeshalia. Mara nyingine kengele inalia kwa sababu nimevuta maneno.

Kitabu cha mjukuu

Sasa huyo Medinsky ndo mwandishi wa kitabu cha mjukuu.

Yeye pamoja na Anatoly Torkunov, mkuu wa chuo cha diplomasia cha MGIMO. Kilizinduliwa Agosti 2023, Septemba mosi kikawa mezani kwa wanafunzi wa darasa la 10 na 11, cha aina moja nchi nzima. Cha darasa la 11 juu ya jalada kuna daraja la Crimea, rasi ambayo Urusi iliichukua kutoka Ukraine mwaka 2014. Ndani kuna sura ya vita ambayo bado inapiganwa, yaani historia imeandikwa, imepigwa chapa, imetungiwa maswali, na risasi bado zinalia. Kaka zao wengine wako huko huko wakati wao wanajibu.

Kuna jambo lilitokea miezi ya mwanzo ambalo linanifikirisha kuliko hata ile sura. Kitabu kilieleza kwamba makabila yaliyohamishwa kwa nguvu na Stalin yalikuwa yameshirikiana na adui. Wachechnya na Waingushi karibu nusu milioni walisombwa kwa mabehewa kuanzia 23 Februari 1944, wazee na watoto wachanga, kwahiyo Chechnya wakaja juu, wakubwa wao wakalalamika, na kipande kikaandikwa upya. Vizuri. Lakini angalia kimeandikwa upya kwa njia gani. Hakuna nyaraka mpya iliyopatikana wala mwanahistoria aliyeshinda hoja. Wenye sauti walisema, kikabadilika. Makabila mengine yaliyosombwa mwaka uleule hayana mkubwa wa aina hiyo wa kuwasemea.

Mwalimu alinitumia picha mbili. Upande mmoja kitabu chake cha mwaka 1980 na kitu, kurasa zimekuwa rangi ya chai, upande wa pili cha mjukuu kinang'aa. Hakuandika chochote chini.

Insha ya mwaka 1999

Kuna mtu wa tatu kwenye hii familia sijamtaja, mama yake kijana.

Mwaka 1999 shirika la Memorial, lile lililokuwa likikusanya majina ya wahanga wa Stalin, lilianzisha shindano la insha kwa wanafunzi wa sekondari, Binadamu katika Historia, Urusi Karne ya 20. Mwanafunzi hatumii kitabu. Anakwenda kwa bibi, kwa jirani, kwenye sanduku la barua, kwenye hifadhi ya nyaraka ya wilaya, anaandika alichokikuta. Maelfu ya watoto waliandika, wengi kutoka vijijini huko mbali. Binti wa Mwalimu aliandika mwaka uleule wa kwanza, akiwa na miaka 16, kuhusu babu wa mama yake. Yule wa peremende.

Hakushinda kitu. Ila Mwalimu aliniambia zamani kwamba usiku ule binti aliomsomea insha jikoni ndo mara ya kwanza alijisikia deni lake kwa yule msichana wa wino mwekundu limepungua kidogo.

Mwaka 2016 wanafunzi washindi walipokuwa wanaingia ukumbini Moscow kuchukua zawadi walipigwa mayai na watu waliokuwa wanawasubiri nje. Watoto, jamani. Desemba 28, 2021 Mahakama ya Juu ya Urusi ikalifuta shirika lenyewe, na mwaka uliofuata likapata Nobel ya amani likiwa marehemu kisheria.

Nikamuuliza Mwalimu kwenye voisi, hivi kijana ameshasoma insha ya mama yake?

Hajasoma. Iko kwenye droo. Mwalimu alitaka kumpa mwaka juzi, na aliyemzuia ni binti mwenyewe, yuleyule aliyeandika. Alisema: "Mama, usimchanganye mtoto. Ana mtihani, halafu ana mdomo."

Nilisikiliza hiyo mara mbili nikiwa kwenye daladala na nusura nipitilize kituo. Kwanza nilimlaumu huyo dada. Kisha nikafikiria kijana wa miaka 17, mwanaume, kwenye nchi ambayo mwalimu anaweza kuripotiwa na mwanafunzi na mwanafunzi anaweza kuripotiwa na mwalimu, kila Jumatatu kipindi cha kwanza ni "mazungumzo kuhusu mambo muhimu" na bendera inapandishwa. Mama anayetaka mwanae asiongee sana simwezi. Mama yangu angefanya hivyohivyo, tena kwa kipigo.

Skripti zangu

Hapa nchini kwetu hakuna wa kunipeleka popote kwa kufundisha Lenin vibaya, kwahiyo sina kisingizio cha yule mama.

Nimezirudia zile skripti kichwani. Arobaini na tatu kwa jumla, na karibu zote nilizipa maksi nzuri. Mwongozo wa kusahihisha unataka pointi sita, utangulizi, hitimisho, na mwanafunzi akileta sita zilizonyooka namnyima kwa lipi? Lakini hakuna hata skripti moja iliyokuwa na mtu ndani. Lenin yumo, Nicholas yumo, "wakulima" wamo kama kundi la ng'ombe. Wanajua sababu sita za mapinduzi na hawajui hata jina la mtu mmoja aliyesimama foleni ya mkate Petrograd, mji mkuu wa enzi hizo, Februari ile, na mimi sijui nimpate wapi, na mwaka mzima vipindi havitoshi.

Kulikuwa na mmoja aliyetoka nje ya reli. Pointi ya tano aliandika, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kwamba yeye anadhani sababu nyingine ni kuwa watu walichoka kuambiwa wanaendelea vizuri. Basi, hivyo tu, bila mfano wala mwaka. Nilitabasamu, nikachora alama ya kuuliza pembeni, nikampa sifuri kwenye hiyo pointi. Haikuwepo kwenye mwongozo.

Na kwa wino mwekundu.

Sasa tumeletewa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, vizuri tu, linafundishwa kwa Kiswahili na watoto wanalielewa, hilo nalifurahia mno. Lakini kila nikiliona hilo jina ubaoni jicho linabaki kwenye ile "na". Historia na maadili. Siku historia ikikataa kuwa na maadili mema, mwalimu atasoma ukurasa upi? Nauliza kama mtu ambaye kengele humlilia mahali pazuri.

Jibu

Wiki iliyopita nikamjibu. Nilirekodi nikafuta mara nne, ya tano nikaituma. Nikamwambia shikamoo Mwalimu, swali lako sina jibu lake, ila nimetoa tano zangu arobaini na kitu mwezi huo huo, na kuna mtoto mmoja namdai samahani na huyu wangu najua anapokaa, dawati la tatu dirishani. Nikamwambia habari za wale mia na ushee wa Dubosekovo, kama naye alikuwa hajui. Alikuwa anajua.

Mtandao kule siku hizi unasumbua, jibu lilikuja baada ya siku mbili. Marahaba kwanza. Halafu akasema hajampongeza, hajamkatalia, amempikia pelmeni, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, zile anazozipenda, na kijana hakuuliza ni za nini. Insha bado iko droo, kamwachia mama yake ufunguo. Ila walipokuwa wanakula ameona amsimulie japo yake mwenyewe, ya 1988, namna mtihani wa historia ulivyofutwa nchi nzima, na yule msichana, na wino, na siku mbili za kulia.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Akaongeza krimu kwenye sahani.

"Bahati yao," akasema. "Hawakufanya mtihani."